Kuvuka Busia na magunia machache: kutoka Kisumu hadi Uganda na kurudi

Nauza maharagwe soko la Kibuye, Kisumu, na mengi ya maharagwe hayo hutoka Uganda. Anayeanza biashara hii huniuliza swali lile lile: nipitie wapi mzigo usichukuliwe? Namjibu kwamba apitie getini, yaani kwenye kituo rasmi cha mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia.

Mimi mwenyewe sikuanzia getini. Wenzangu waliniambia kastamu ni ya wenye malori, na kwamba mama mwenye magunia mawili atamalizwa pale kwa ushuru. Nikampa mwenye bodaboda magunia yangu apite njia ya panya, nami nikavuka mikono mitupu nikamsubiri upande wa Kenya. Alikuja bila mzigo. Kuna watu walimsimamisha kwenye migomba, wakadai pesa ambazo hakuwa nazo, wakabaki na magunia. Sikuwa na pa kulalamika kwa sababu sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba maharagwe yale ni yangu. Na ule ushuru wa forodha niliokuwa nikiukimbia, nilikuja kujua baadaye, haukuwepo kwa mzigo kama wangu.

Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazofuata sasa. Zinamfaa mwenye mzigo mdogo wa mazao.

Hatua ya 1: Karatasi zako kabla ya karatasi za mzigo

Kitambulisho cha taifa kinatosha. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho, si lazima pasipoti. Kiwe kile chenyewe, si kivuli chake, na kisomeke. Ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa, na kama mzazi mwenzako hayuko safarini pamoja nanyi, beba barua yake ya ruhusa.

Kisha kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hapa watu huponzwa na hesabu ya siku: chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo kudungwa Ijumaa ili uvuke Jumatatu hakukusaidii. Kadi yenyewe haiishi muda. Tangu Julai 2016 dozi moja inahesabiwa ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Kuna watu watakaokuuzia kadi iliyojazwa bila sindano. Usinunue. Homa ya manjano inaua, na wewe ndiye utakayelala upande wa pili kwenye mbu.

Ukienda na gari lako mwenyewe utasikia pia habari ya kadi ya njano ya COMESA. Hiyo ni bima ya gari, haihusiani na chanjo. Nimeona dereva akibishana dirishani karibu nusu saa kwa kuchanganya hizo mbili.

Hatua ya 2: Uliza kabla hujanunua

Nafaka na maharagwe ni mimea, na mimea ina masharti ya afya. Pitia ofisi ya KEPHIS, shirika la Kenya la afya ya mimea, uulize zao unalotaka linahitaji kibali gani, na upande wa Uganda mkaguzi wa mazao atatoa cheti gani cha afya ya mimea. Uliza kila msimu hata kama ulishauliza, maana masharti hubadilika. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu. Siku chache baadaye yakaruhusiwa tena, lakini kwa masharti mapya, likiwemo la cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu hiyo. Waliokuwa wameshanunua bila kuuliza walibaki na magunia upande usio wao.

Hatua ya 3: Safari na pesa

Panda matatu alfajiri. Ukipita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala utakuwa Busia asubuhi, na asubuhi ndiyo unayoitaka, kwa sababu mambo yote ya kurudi hufanyika mchana.

Utakaposhuka, wabadilishaji pesa watakuita wakiwa na vitita mkononi. Badilisha dukani, penye kaunta na risiti. Kabla ya kuingia, tafuta kiwango cha siku hiyo kwenye simu na upige hesabu yako mwenyewe uiandike. Shilingi moja ya Kenya huzaa nyingi za Uganda, na sifuri zile humlevya mgeni: noti ya 5,000 na ya 50,000 zikipita haraka haraka mkononi mwa mtu mwingine, hutajua kilichotokea. Hesabu noti moja moja, ukiwa umesimama papo hapo. Mtu akikuharakisha, chukua pesa zako utoke.

Hatua ya 4: Kuvuka wewe mwenyewe

Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi 2018, na utaratibu wake huwachanganya wageni, basi nieleze polepole. Zamani ulikuwa ukigonga muhuri wa kutoka kwenye jengo la Kenya, unatembea lile eneo la katikati, kisha unapanga foleni tena Uganda. (Umbali huo ndio uliozaa bodaboda. Vijana wa baiskeli walikuwa wakibeba watu kutoka mpaka ('border' kwa Kiingereza) mmoja hadi wa pili, na neno likatoka Busia likaenea Afrika Mashariki yote.) Siku hizi unasimama mara moja tu, katika jengo la nchi unayoingia. Ukienda Uganda, usitafute dirisha upande wa Kenya. Nenda moja kwa moja kwenye jengo la Uganda. Mle ndani utamkuta afisa wa Kenya wa kukutoa, na afisa wa Uganda wa kukuingiza. Ukirudi, mambo yote ni kwenye jengo la Kenya.

Hakikisha umeandikishwa pande zote mbili. Kwa kuwa watu wanatembea huku na huku siku nzima, na Wasamia wa pande zote mbili ni ndugu wanaoendeana msibani na harusini, ni rahisi kujipitia tu. Usijipitie. Wewe unarudi na mzigo, na swali la kwanza litakuwa uliingia lini.

Hatua ya 5: Kununua

Uganda utauziwa kwa kilo, Kibuye utauza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Pima mbele ya macho yako. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia, si juu tu, na uume punje moja: ikikatika kavu ni sawa, ikibonyea rudisha. Dai risiti yenye jina la muuzaji, aina ya zao, kilo na bei. Muuzaji akisema, "Nyabo, sisi hatuandiki," chukua daftari lako uandike mwenyewe, yeye atie sahihi na namba ya simu. Bila karatasi hiyo hatua inayofuata itakuwa ngumu.

Usirudi na mifuko ya plastiki, hata ile uliyofungiwa nyanya njiani. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na faini inaweza kufika shilingi milioni 4. Beba kikapu.

Hatua ya 6: Cheti rahisi cha asili ya bidhaa

Hapa ndipo ningetaka usome mara mbili.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Kama bidhaa yako imelimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, imo kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani ya mzigo mzima haizidi dola 2,000 za Marekani, unapewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani. Kwa cheti hicho hutozwi ushuru wa forodha. Fomu ni bure na huhitaji ajenti. Magunia yangu manne au matano hayajawahi kufika hata nusu ya kiwango hicho.

Nilipoambiwa habari hii kwa mara ya kwanza niliketi kwenye ukingo wa barabara nikafikiria yale magunia mawili. Nimekutana na akina mama waliofanya biashara hii miaka mingi, wakilipa watu wa njia za panya kila safari, tena zaidi kuliko ambavyo wangelipa getini. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Cheti hutolewa na forodha ya nchi mzigo unakotoka. Unaporudi na maharagwe ya Uganda, mwone afisa wa forodha wa Uganda ukiwa na risiti yako, kitambulisho na cheti cha afya ya mimea. Fomu ikishagongwa muhuri, mpelekee afisa wa forodha wa Kenya.

Kuna mipaka ya kuheshimu. Cheti hiki hakifanyi kazi kwa bidhaa iliyotoka nje ya Jumuiya, hata ukiinunua duka la Uganda: mitumba, simu, mchele wa Pakistan uliotiwa kwenye gunia jipya. Halafu, cheti huondoa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine, kama VAT, zinaweza kubaki kutegemea bidhaa, ingawa mazao ghafi ya shambani Kenya hayatozwi VAT. Na usigawe mzigo mkubwa kwa marafiki watano ili kila mmoja aonekane mdogo. Mkigunduliwa, mnapoteza wote.

Hatua ya 7: Dirishani

Sema ukweli kwa sentensi fupi. Mazungumzo yangu huwa hivi:

"Mama, umebeba nini?"

"Maharagwe, afande. Magunia manne, kilo 360. Hii risiti, hii fomu."

Basi. Ukianza kueleza habari za karo na mgonjwa nyumbani, unafungua mlango wa mazungumzo ambayo hayana risiti. Ukiambiwa kuna cha kulipa, uliza kwa adabu ni kodi gani na risiti inatolewa wapi. Malipo halali yana karatasi. Ukikataliwa na huelewi, tafuta dawati la taarifa za biashara hapo mpakani, ambalo liliwekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, uwaombe wakusomee sharti lililokukwamisha. Mimi walinisaidia siku fomu yangu iliporudishwa. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeandika thamani kwa shilingi za Uganda mahali pa shilingi za Kenya.

Hatua ya 8: Kubeba hadi Kibuye

Kuvusha magunia, nakuomba uwape kazi ndugu zetu wenye ulemavu wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono. Wanaijua Busia kuliko mtu yeyote, na mizigo yangu haijawahi kupotea kwao. Patana bei kabla ya kupakia, na utembee kando ya mzigo, usitangulie.

Kwenye matatu, karatasi zote zikae mwilini mwako, si ndani ya gunia. Vizuizi vya polisi viko njiani, na ukiulizwa unatoa fomu yenye muhuri bila kushuka kufungua mzigo. Ukifika nyumbani zihifadhi. Zangu ziko kwenye mkebe wa biskuti, zimefungwa kwa mwaka, na ndizo nilizoonyesha chama chetu nilipoomba mkopo.

Kabla ya kupanga bei, jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, mbebaji, chakula chako na hasara ya kubadilisha pesa, kisha ugawe kwa gorogoro. Gorogoro ni kama kilo 2, lakini gunia la kilo 90 lihesabu gorogoro 44, si 45. Kilo 2 za mwisho huondoka na vumbi, vijiwe, na kile kiganja unachomwongezea mteja.