Kabla mitumbwi ya dagaa haijaingia ziwani: jinsi ya kusoma picha za setilaiti

Kipindi cha giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hupakia taa zao jioni na kwenda kukesha majini. Wanaondoka anga likiwa jeupe. Radi inazaliwa usiku, wakiwa tayari wako mbali na mwalo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma picha za setilaiti kwa ajili ya watu hawa, na nimeombwa mara nyingi nieleze ninavyofanya. Haya hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Unahitaji simu yenye bando au kompyuta, daftari na subira.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: usitoe kauli kwa kutazama picha moja. Picha moja inakuonyesha wingu lilipo. Unachotafuta ni lilikotoka, linavyokua na linakoelekea, na hayo huyapati mpaka uziunganishe picha nyingi zitembee mbele ya macho yako.

Hatua ya 1: Ijue setilaiti inayokutazama

Setilaiti za hali ya hewa ninazotumia hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwa umbali huo zinaizunguka Dunia kwa muda uleule ambao Dunia inajizungusha, kwa hiyo ukiwa chini unaiona kama imetundikwa mahali pamoja. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwetu. Setilaiti zinazopita chini zaidi huona vizuri, lakini zinapita na kuondoka, na radi ya ziwani inaweza kuzaliwa na kufa kabla hazijarudi.

Kwa Afrika Mashariki, tumia Meteosat-9. Ni ya EUMETSAT, shirika la Ulaya, na tangu 2022 imewekwa nyuzi 45.5 mashariki, yaani juu ya Bahari ya Hindi, si mbali na pwani ya Somalia. Inapiga picha ya upande wote wa Dunia inaouona kila dakika 15, na pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni kama kilomita 3. Iko pia Meteosat-12, mpya zaidi, inayopiga kila dakika 10, ila imekaa nyuzi 0, juu ya Ghuba ya Guinea, kwa hiyo inatutazama kwa upande.

Fungua EUMETView, tovuti ya picha ya EUMETSAT, kwenye kivinjari. Haidai malipo. Katika orodha ya safu, chagua zenye alama ya IODC. Hizo ndizo za Meteosat-9.

Hatua ya 2: Geuza saa kabla ya kitu chochote

Picha zote huandikwa muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa. Sisi tuko saa tatu mbele, kisha tunahesabu saa zetu kuanzia alfajiri. Njia ya mkato ni kutoa 3 kwenye saa ya UTC, na jibu likizidi 12, toa 12 tena; likishuka chini ya sifuri, ongeza 12. UTC 14:00 ni saa 11 jioni. UTC 18:00 inakupa 15, ukitoa 12 inabaki saa 3 usiku. UTC 03:00 inakupa sifuri, nayo ni saa 12 asubuhi.

Nasisitiza hili kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilisoma saa ya picha kana kwamba ni ya hapa, nikapeleka ujumbe kwamba wingu litafika usiku. Wingu lilikuwa limeshapita jioni. Wavuvi walibaki nchi kavu usiku mzima uliokuwa shwari, na ujumbe wangu uliofuata, ambao ulikuwa sahihi, wachache tu waliuzingatia. Siku hizi naandika saa zote mbili kwenye daftari, kushoto UTC, kulia yetu.

Hatua ya 3: Anza na infraredi, saa sita za nyuma

Chagua chaneli ya infraredi, mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, ya mikroni 10.8. Inapima joto la kitu kilicho juu kabisa: wingu likiwepo, inapima kilele chake, lisipokuwepo, inapima ardhi au maji. Inafanya kazi usiku na mchana. Kwa desturi, baridi huonyeshwa kwa nyeupe. Wingu refu lina kilele cha baridi, kwa hiyo jeupe sana maana yake liko juu sana. Vilele vya radi za kwetu hufika nyuzi 60, 70, hata 80 chini ya sifuri.

Cheza picha za saa sita zilizopita. Mara ya kwanza usitafute kitu. Tazama tu mwendo. Mara ya pili tafuta doa ambalo halikuwepo likatokea na kukua. Kama programu yako inaonyesha nyuzi, linganisha kilele cha wingu hilohilo kati ya picha mbili: likipoa nyuzi 8 au zaidi ndani ya dakika 15, linapanda kwa nguvu, hata kama bado ni dogo. Doa dogo linalopoa haraka linanitia wasiwasi kuliko wingu kubwa lililotulia.

Hatua ya 4: Tenganisha wingu la radi na utando

Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapotea. Radi ikikomaa, kichwa chake hutanuka na kuacha utando wa barafu unaosambaa kilomita nyingi. Kwenye infraredi utando huo ni mweupe karibu sawa na radi yenyewe, lakini chini yake huenda pasiwe na tone la mvua. Ukiusoma utando kama radi, utawazuia watu bure.

Mimi hutazama vitu vitatu. Cha kwanza ni ukingo. Juu kwetu upepo mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo radi hai huwa na ukingo mkali upande wa mashariki, kama umekatwa kwa kisu, na upande wa magharibi unafifia taratibu. Utando mtupu umefifia pande zote.

Cha pili ni chaneli ya mvuke wa maji, mikroni 6.2. Iweke kando ya ile ya 10.8. Kwa kawaida chaneli ya mvuke husoma baridi zaidi. Ukiona mahali juu ya wingu ambapo chaneli ya mvuke inasoma joto sawa na 10.8 au zaidi yake, wingu limesukuma kichwa mpaka kwenye dari la anga au limelitoboa. Hiyo ni radi kali, usisite.

Cha tatu ni cha mchana tu: picha ya rangi za asili. Ndani yake barafu hutokea buluu iliyopauka, mawingu ya chini ya matone ya maji hubaki meupe yenye uwekundu kidogo, mimea ni kijani na ziwa ni jeusi. Saa 11 jioni, jua likiwa limelala, vichwa vya radi hutupa vivuli juu ya utando wao, na unaona uvimbe wake kama mapovu kwenye uji unaochemka. Utando mtupu ni laini.

Hatua ya 5: Lisome ziwa kwa tabia yake

Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Juu ya ziwa pana panakuwa peupe, na radi zinajengeka milimani, hasa upande wa Kenya, kuanzia Nandi na Kericho hadi Kisii. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, na upepo unaingia ziwani kutoka pande zote. Unakutana katikati na hauna pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo maana radi za ziwani huzaliwa usiku wa manane na kukaza kuelekea alfajiri, kisha nyingi husukumwa magharibi. Bukoba inapata mvua nyingi kuliko Musoma, na hii ni sababu mojawapo.

Kwa hiyo anga jeupe juu ya ziwa saa 12 jioni halikuambii chochote kuhusu saa 9 usiku. Tazama nchi kavu. Mtafiti Wim Thiery na wenzake, waliochambua picha za setilaiti za miaka mingi, walionyesha kwamba radi za mchana kwenye ardhi inayolizunguka ziwa ni dalili nzuri ya radi kali ziwani usiku unaofuata. Saa 11 jioni nahesabu vilele vikali kutoka Nandi hadi Mara. Vikiwa vingi na vinasogea magharibi, napiga simu kwa viongozi wa mwalo mapema, kabla taa hazijapakiwa.

Kisha narudi kwenye picha saa 3 usiku na saa 6 usiku. Ni kazi inayochosha, lakini aliye majini naye yuko macho.

Hatua ya 6: Pima mwendo

Weka alama kwenye kilele cha wingu, si katikati ya utando, kwenye picha mbili zilizoachana saa moja au mbili. Kama limesogea kilomita 50 kwa saa mbili, linakwenda kilomita 25 kwa saa. Lililo kilomita 75 kutoka kwenye mitumbwi litafika baada ya saa tatu. Punguza saa moja kwa ajili ya upepo. Upepo unaomwagika chini ya radi hutangulia mvua, na ndio unaopindua mitumbwi.

Kuna kosa la mahali pia. Setilaiti ikitazama kwa pembeni, wingu refu huonekana limesogea kutoka lilipo kweli. Wingu la kilomita 15 juu ya Ziwa Victoria litaonekana limesogea kama kilomita 4 magharibi ukitumia Meteosat-9, lakini karibu kilomita 12 mashariki ukitumia setilaiti iliyoko nyuzi 0. Ukichanganya picha za setilaiti mbili bila kujua hili, utadhani ni mawingu mawili. Ila Meteosat-12 ina kifaa cha kunasa miale ya radi, na usiku ninapobishana na nafsi kama wingu liko hai, hicho hunipa jibu.

Hatua ya 7: Linganisha na tangazo rasmi

Setilaiti hizi hazipimi mvua, zinapima kilele cha wingu. Mvua ya mawingu mafupi yenye vilele vya joto, kama ile ya alfajiri ya pwani ya Tanga na Pemba, inaweza kukunyeshea huku infraredi ikionyesha karibu hakuna kitu. Upepo wa usawa wa maji nao umefunikwa na wingu. Kwa hiyo fungua utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo pia ina rada Mwanza. Tahadhari rasmi ni ya kwao. Mimi nasema tu ninachokiona, na ikitofautiana na yao, nawapelekea wavuvi ya kwao.

Njia hiihii inatumika kwingine. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilisogea kuelekea pwani yetu kikisambaratika, na mwendo wa picha ulionyesha vilele vyake vikipata joto na kutawanyika. Mei 2024 Hidaya alikuja na mzunguko ulioshikana na kutua Mafia tarehe 4. Kwa moto, tumia mikroni 3.9: misitu ya miombo ikiungua kiangazi, pikseli ya moto hung'aa hata moto wenyewe ukiwa mdogo kuliko pikseli. Kwa vumbi, iko picha maalumu inayolionyesha kwa waridi, mchana na usiku. Itazame juu ya jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, na Somalia.

Hatua ya 8: Uliza asubuhi

Mitumbwi ikirudi, piga simu mwaloni. Daftari langu lina safu nne: nilichokiona, saa, nilichosema, na walichokutana nacho. Uliza kwa undani: upepo ulitoka wapi, ulianza kabla ya mvua au pamoja nayo, mlikuwa karibu na kisiwa gani? Kisha rudisha picha za usiku ule na uzitazame tena ukiwa na majibu yao mkononi.