Gari la zamani linavuja oili: anzia kutafuta juu

Gari la zamani likiacha doa la oili sakafuni, wengi huingia chini na kuzikaza boliti za sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, mpaka zilie. Mimi sianzii hapo. Oili hushuka, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo sampu iliyoloa huenda inapokea tu kinachotoka kwenye kava la tapeti, kifuniko cha juu kinachofunika vali. Ninachotafuta ni sehemu ya juu kabisa yenye unyevu.

Osha injini ikiwa imepoa, kwa brashi na dawa ya kuondoa grisi. Kabureta na distribyuta vifunike kwa nailoni. Ikikauka vizuri, nyunyizia poda ya mtoto kwenye maungio yote, zungusha gari kidogo, zima, chukua tochi. Mchirizi wa kahawia utauona. Ufuate kwenda juu mpaka unapoanzia. Ukiingia chini, gari liwe juu ya stendi. Jeki peke yake mimi siiamini.

Kabla hujanunua gasketi hata moja, ule utando wa kuziba maungio, kagua mpira wa pumzi wa injini, unaotoa hewa iliyo ndani yake. Ringi za pistoni zikichoka, gesi ya mwako hupenya pembeni mwa pistoni hadi ndani ya sampu, na kama mpira umeziba kwa masizi, presha hiyo itatokea kwenye sili, zile pete za kuzuia oili isitoke. Ung'oe, uoshe pamoja na wavu wake kama upo, uupulize mpaka hewa ipite bila kukwama. Watu hubadilisha gasketi zote, gari likaendelea kuvuja, kumbe kilichohitajika ni kuosha mpira.

Kava la tapeti ndilo linalosumbua zaidi. Gasketi zake za zamani ni zile za gome jepesi, kama kizibo cha chupa ya mvinyo. Zikikaa miaka na joto hukauka na kusinyaa. Kwenye kava la bati lenye boliti pembeni, kuna tatizo jingine: aliyekaza kwa nguvu amevuta bati, na kila tundu la boliti limebonyea kuelekea kwenye gasketi. Weka rula ya chuma ukingoni utaona mwanga ukipita kati ya tundu na tundu. Laza ukingo juu ya ubao mgumu, upande wa gasketi ukiangalia juu, gonga taratibu kwa nyundo ndogo mpaka unyooke. Usiponyoosha, hata gasketi mpya itavuja.

Kwangua mabaki yote. Kama silinda hedi ni ya alumini, tumia kipande cha plastiki, usiikwaruze kwa chuma. Gundi paka upande wa kava tu, nyembamba, na upande wa hedi pakaza grisi ili siku nyingine gasketi itoke nzima. Kaza kidogo kidogo kwa kupishana, uache gasketi inapoanza tu kubanwa. Silikoni ya kumwaga siipendi kabisa: inayofurika ndani hukatika, ikaenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Volkswagen Beetle ina mambo yake. Kava limeshikwa na waya wa springi, na chini ya makava yake mawili ipo mirija 8 ya fimbo za vali, kila mmoja na sili kila ncha. Ile ya asili haitoki bila kushusha hedi, ila ipo ya kurefuka na kufupika inayoingia hedi ikiwa mahali pake. Bamba la chujio chini lina nati 6 ndogo. Nyutonimita 7 zinatosha, ukizidisha unachuna nyuzi.

Washa ya shaba ya nati ya kumwagia oili ikiwa ngumu, ichome kwa moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe. Hurudi kuwa laini na kuziba.

Tone likitoka kati ya injini na gia boksi, linuse kwanza: oili ya gia hunuka kiberiti. Kama ni ya injini, jua kwamba baadhi ya injini za Kiingereza, ikiwamo ya Morris Minor, nyuma ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hazina sili bali mfereji wa mzunguko unaorudisha oili ndani, hivyo tone dogo baada ya kuzima ni kawaida. Kwenye injini yenye sili, klachi ikiwa haitelezi na oili kwenye kijiti cha kupimia haishuki haraka, mimi naliacha gari litembee, naongeza oili. Sili nitaibadilisha siku gia boksi litakaposhushwa kwa ajili ya klachi.