Kabla hujaipeleka baiskeli ya milimani kwenye lami

Watu wananunua hizi baiskeli za gia za mtumba, zile za milimani, wanazipiga kwenye mchanga wa Mtwara miaka miwili mitatu, halafu siku moja wanaamua kuingia lami. Mikindani, Mnazi Mmoja, mwenye pumzi zake hadi Lindi, zaidi ya kilomita 100. Wazo zuri. Ila usitoke kabla hujakamilisha haya.

Matairi kwanza. Yenye kashata kubwa yanavuma kwenye lami na kukumaliza nguvu bure. Tafuta laini, 26 kwa 1.5. Na usiishie kusoma hiyo 26. Tazama namba ndogo ubavuni, iwe 559. Kuna tairi la 26 kwa 1⅜ la baiskeli za zamani, hilo ni 590, halikai kwenye ringi yako hata fundi alibembeleze kutwa nzima. Tyubu nayo badilisha, maana ya tairi nene ikiingia kwenye tairi jembamba inajikunja, na pale pale kwenye mkunjo ndipo itakapotoboka. Chukua yenye valvu nene kama ya pikipiki, ili ujaze upepo popote penye kijiwe cha bodaboda.

Shokapu ya mbele kama ina kitufe cha kuifunga, ifunge. Gia usihangaike nazo: ukiwa na meno 42 mbele na 11 nyuma, ukikanyaga mara 90 kwa dakika unakwenda kama kilomita 40 kwa saa. Unataka mbio gani zaidi ya hizo? Siti ipandishe, kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa mguu uwe umenyooka.

Sasa ringi. Hapa naomba usome taratibu.

Kama breki zako ni za mipira inayobana ringi, basi kila ulipofunga breki kwenye mchanga ulikuwa unaipiga ringi msasa. Mimi sikulijua hilo. Niliweka matairi mapya kwenye ringi za zamani nikaona nimemaliza kazi. Tairi la zamani nilikuwa nalijaza upepo wa psi 35. Hili jipya limeandikwa mwisho 80, nikalijaza 75, na baiskeli ikawa nyepesi ajabu. Kutoka mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10, nilizipita bila kuhema. Kwenye mteremko wa kuingia Mikindani nikafunga breki ya mbele. Nikasikia mlio kama wa risasi. Ukingo wa ringi ulifumuka, ukakunjuka kwa nje kama mfuniko wa kopo la samaki, ukanasa kwenye breki, gurudumu likaganda, nami nikapita juu ya usukani. Mama mmoja aliyekuwa anauza maembe pembeni alinikimbilia: "Usinyanyuke kwanza, mwanangu, tulia." Nilifungwa hogo mkono wa kushoto wiki sita.

Nilipompelekea fundi gurudumu la nyuma, mzee wa watu hakusema neno. Alichukua rula, akaisimamisha juu ya pale breki inapobana, akaliinua gurudumu kuelekea mlangoni. "Njoo uone, mwanangu." Katikati, chini ya rula, mwanga ulikuwa unapita. Sehemu iliyotakiwa iwe bapa ilikuwa imebonyea kama kijiko. "Hii imelika kitambo. Upepo mdogo ndio uliokuwa unaisitiri."

Kwa hiyo fanya kama yule mzee. Rula, pande zote mbili, magurudumu yote mawili. Ringi nyingine zina mfereji mwembamba au kitundu kidogo cha alama. Alama ikifutika, ringi imekwisha, usimwachie fundi akwambie itasogea sogea. Ringi mpya ukishaiweka, ng'oa mipira ya breki na uichokonoe kwa pini, maana mchanga na vipande vya bati vimejikita humo na vitaanza kuitafuna na hiyo mpya.

Mengine unayajua. Taa nyekundu nyuma, hata mchana. Kuanzia Oktoba malori ya korosho yanashuka bandarini kwa wingi, kwa hiyo toka alfajiri na ukae kushoto kabisa. Kwenye kona zenye mchanga uliomwagika juu ya lami punguza mwendo kabla ya kukata, tairi laini halina kashata ya kukushika. Mnyororo upake mafuta kila wiki, hewa ya chumvi haiuachi. Maji, kiraka, pampu, spana, na mtu wa nyumbani ajue umepita njia gani. Na ukifika, kabla hujaagiza dafu, inua gurudumu la mbele ulizungushe, utazame ukingo wake wote.