Kompyuta kuukuu ya gemu: ikishakaa sawa, usiiguse

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo mashine nyingi zisizo na ubaya wowote zimewekwa kando zikingoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Kabla hajapita mtaani kwenu, pekua gemu zako. Ukiwa na CD za kati ya mwaka 1998 na 2007, mashine hiyo bado ina kazi. Gemu za DOS, mfumo uliotangulia Windows, haziihitaji, maana programu ya DOSBox huziendesha kwenye kompyuta yoyote ya leo, na nyingi za baada ya 2010 hufunguka kwenye Windows 11 bila ubishi. Zinazosumbua ni hizo za katikati.

Windows ya biti 64 haiendeshi programu ya biti 16 hata kidogo, na gemu kadhaa za mwisho wa miaka ya tisini, ingawa zenyewe ni za biti 32, zilifungwa ndani ya kisakinishi cha biti 16. Kuna pia kinga ya CD dhidi ya kunakiliwa, iitwayo SafeDisc: Windows 10 haipokei draiva yake, yaani programu ndogo inayoiendesha, na sasisho la Septemba 2015 liliizima hata kwenye Windows 7. CD ni halali, kompyuta ni nzima, gemu imegoma. Kasi nayo ina madhara yake. Kwenye GTA San Andreas ukizima "Frame Limiter", kikomo cha idadi ya picha kwa sekunde, katika mashine ya kisasa, mchezaji akiingia majini huogelea kama amefungiwa mawe miguuni.

Dawa ni Windows XP kwenye vifaa vya enzi yake. Maduka ya kompyuta za mtumba Kisumu, Nakuru na Eldoret yalijaa Dell OptiPlex 755 na 780, HP Compaq dc7800 na jamaa zao, na hizo zenye prosesa ya Core 2 Duo ndizo hasa zinazofaa. Kama una kadhaa za kuchagua, angalia kizazi cha prosesa: grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa ina draiva ya XP hadi kizazi cha tatu cha Core i. Kuanzia cha nne hakuna, na utabaki na picha kubwa za rangi mbovu. RAM ya GB 2 yatosha. Ukiweka GB 4, XP ya biti 32 itaiona GB 3 na ushee tu, basi usipoteze pesa huko.

Nakili kwanza, ndipo ufungue

Kosa la kawaida ni kuanza na bisibisi. Diski ya miaka kumi na mitano inaweza kukata roho siku yoyote, kwa hiyo toa vilivyomo kabla ya jambo lolote. Tumia programu ya kusoma afya ya diski, uangalie mistari miwili: 05, sekta zilizohamishwa, na C5, sekta zinazongoja kuhamishwa. C5 ikiwa juu ya sifuri, usiwashe gemu tena hadi umalize kunakili.

Akiba za michezo hujificha. Kwenye XP nyingi zimo ndani ya "My Documents", au ndani ya folda ya gemu yenyewe katika "Program Files". Kama mashine ilikuwa na Windows 7, gemu ya zamani ilidhani inaandika kwenye "Program Files" ilhali Windows iliipeleka kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore, chini ya AppData, Local. Watu hunakili folda ya gemu wakidhani wamemaliza, kisha wanaanza mchezo upya kutoka hatua ya kwanza.

Baada ya hapo piga nakala ya diski nzima. Programu ya Clonezilla ni ya bure na huwashwa kutoka flashi. Chagua "device-image", halafu "savedisk", uielekeze kwenye diski ya nje. Inachukua sehemu zenye data tu na kuzibana, hivyo diski ya GB 160 iliyotumika GB 20 haitakula GB 160. Diski utakayorudishia lazima iwe sawa na ile ya kwanza au kubwa zaidi, hata kama nyingi ya ile ya kwanza ilikuwa tupu. Kwa Pentium 4 isiyojua biti 64, tafuta toleo la i686, la biti 32.

Nakala hii ndiyo itakayokuokoa miaka ijayo. Kusakinisha XP upya kunadai ufunguo, uhalalishaji, draiva na uvumilivu, lakini kurudisha nakala kunachukua muda wa kupika githeri.

Vumbi, pesti na vikebe vilivyovimba

Sasa fungua. Jina la Nakuru husemwa lilitokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na kompyuta iliyokaa huko ikifunguliwa inathibitisha. Itoe nje, ipulize kwa blowa, na kila feni uishike kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kwa nguvu beringi huharibika na feni hugeuka jenereta ndogo. Usiifungue pawa saplai. Kapasita zake hushika umeme mkali hata baada ya waya kutolewa, hivyo ipulize kupitia matundu yake. Kando ya Ziwa Viktoria tatizo ni unyevunyevu, na mende wanaopenda joto la humo ndani.

Pesti iliyo kati ya prosesa na kile chuma chenye mapezi hukauka ikawa kama chaki. Kwenye Dell na HP chuma hicho kimefungwa kwa skrubu. Kwenye nyingine za Intel kuna vipini vinne vya plastiki vinavyozungushwa kinyume cha saa ndipo vivutwe juu. Mashine za AMD na Pentium 4 za zamani zina mtego wake: pesti ikishakauka, ukivuta tu, prosesa inang'oka pamoja na chuma na kupinda miguu. Washa mashine dakika kumi ipate joto, izime, chomoa waya, kisha nyonga chuma kidogo kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Futa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya dengu. Zaidi ya hapo ni uchafu.

Ukiwa hapo tazama kapasita, vile vikebe vidogo vilivyozunguka prosesa. Bodi nyingi za tangu 1999 hadi karibu 2007 zilipata kapasita zenye maji mabovu. Vichwa viwe bapa. Kilichovimba, au chenye ukoko wa kahawia, ndicho kinachosababisha mashine ijizime katikati ya gemu au iwake kwa jaribio la tano. Fundi wa redio anaweza kuvibadilisha, lakini mwambie wazi: mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, vya nyuzi 105, na viwe vya ESR ya chini, yaani ukinzani mdogo wa ndani. Vya kawaida vilivyong'olewa kwenye televisheni mbovu vitawaka leo na kuvimba kesho. Mstari ulio ubavuni ni upande wa hasi, akigeuza, kitapasuka.

Badilisha pia betri ya CR2032, hata kama saa bado inakwenda. Mashine iliyochomekwa ukutani hutunza saa kwa umeme wa ukutani. Ukiichomoa, betri ndiyo inayobeba mzigo wote, na hii utaichomoa mara nyingi, kama tutakavyoona. Ikiisha, mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, hupotea na ile skrini ya bluu tutakayoieleza hapa chini hujitokeza.

Kama baada ya kukaa miezi mashine inawaka lakini skrini ni nyeusi, pengine na mlio wa bip, usikimbilie fundi. Chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, futa, rudisha. Mara nyingi unyevu ndio uliofanya hivyo.

XP na skrini ya bluu

XP haina draiva ya AHCI, namna mpya ya kompyuta kuongea na diski. Ukiisakinisha huku BIOS ikiwa kwenye AHCI, au betri ikifa na BIOS ikirudi kwenye AHCI yenyewe, utapata skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Ingia BIOS, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, na mpangilio wa diski, SATA, uuweke kwenye IDE au ATA, namna ya zamani. Andika mpangilio huo kwa kalamu kwenye karatasi, uubandike ndani ya kifuniko. Atakayeirithi mashine atakushukuru.

Kama unaanza upya, pakua vyote kwenye flashi kabla: Service Pack 3 (mkusanyo wa masasisho ya XP), draiva za chipseti, grafiki na sauti za modeli yako, na kifurushi cha DirectX 9 cha Juni 2010. Sakinisha kwa mpangilio huohuo. Gemu ikilalamika inakosa faili linaloanza na d3dx9, ni kifurushi hicho kilichorukwa. Usiende kuokota faili hilo mojamoja mtandaoni, huko ndiko virusi viliko. Gemu ya karibu mwaka 2000 ikirukaruka kama gari lenye petroli chafu, inachanganywa na prosesa ya viini viwili. Bonyeza Ctrl, Alt na Delete, tafuta gemu kwenye orodha ya michakato, chagua "Set Affinity", uache CPU 0 pekee.

Diski ndogo ya SSD ya GB 120 ni badiliko zuri pekee tunalolipendekeza, ila kama nakala yako ni ya diski kubwa zaidi, haitarudi humo; itabidi usakinishe upya. XP haijui TRIM, amri ya kuijulisha SSD nafasi iliyoachwa wazi, lakini kwa mashine ya gemu inayoandika kidogo, haidhuru. Kaa chini ya GB 137 pia, kwa kuwa XP isiyo na Service Pack huishia hapo na Windows 98 vilevile. Kwa Windows 98, tahadhari nyingine: RAM ikizidi MB 512 huanza visa.

Intaneti ikatwe. XP iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Aprili 2014, na hakuna antivairasi itakayoficha hilo. Toa waya, ondoa kadi ya Wi-Fi. Faili zihamie kwa flashi, na flashi iliyopitia saiba ishikwe kama mgeni mwenye kikohozi: ikague kwenye kompyuta mpya kwanza, kisha unapoichomeka kwenye XP shikilia kitufe cha Shift ili isijifungue yenyewe. Usiwashe SMB1, njia kuukuu ya kushirikiana faili kwenye mtandao, kwenye Windows 11 ili mashine mbili zionane. Unafungua mlango wa nyumba mpya kwa ajili ya kibanda.

CD nazo huchoka. Zitengenezee nakala, lakini ujue kwamba ISO, nakala ya CD katika faili moja, haibebi muziki. Gemu nyingi za miaka ya tisini ziliweka nyimbo zake kama CD ya kawaida ya muziki, kwa hiyo nakala yake iwe ya aina ya BIN na CUE. Kama CD yenyewe imo na bado muziki hausikiki, nenda kwenye Device Manager, fungua sifa za kisoma CD, uwashe "Enable digital CD audio".

Stima

Mashine zenye kiswichi chekundu nyuma ya pawa saplai kisome kabla ya kuchomeka. Kikiwa 115, na ukutani kuna 240, utasikia mlio mmoja na harufu, na mambo yameisha. Kiwe 230.

Kisii, Kakamega na ukanda wote wa ziwa hupigwa na radi sana, na UPS haizuii radi. UPS ni ya kukupa dakika chache uhifadhi mchezo tokeni zikiisha. Wingu likianza kunguruma, chomoa waya ukutani. Swichi peke yake haitoshi. Isipotumika, iwashe walau nusu saa kila mwezi ili joto lifukuze unyevu. Ifunike kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani.

Kwa wawili wanaotaka kushindana, si lazima intaneti. Unganisha mashine mbili kwa waya wa mtandao, ya kwanza uipe anwani ya 192.168.10.1, ya pili 192.168.10.2, zote 255.255.255.0 kwenye nafasi ya "subnet mask", na nafasi ya "gateway" uiache tupu. Kadi za Mbps 100 za zamani hudai waya wa krosova, ambao nyaya zake za kutuma na kupokea zimepishanishwa. Za gigabiti hujipanga zenyewe. Gemu ya miaka ya tisini ikiomba IPX, lugha ya zamani ya mtandao, iongeze kwenye sifa za muunganisho kwa jina la NWLink. XP inayo, Vista iliitupa.