Gurudumu la pua likianza kutikisika: mambo ya kuzingatia kabla hujashika spana

Ndege ndogo ya kuundwa nyumbani ikitikisika puani inapokimbia ardhini, kila aliye karibu hugeuka mshauri, na ushauri wenyewe ni mmoja: kaza. Nami nilikuwa mmoja wao. Kuna mzee hapa Tanga ninamsaidia kutunza ndege yake ya viti viwili, aliyoiunganisha mwenyewe kwa miaka. Siku moja alitua, pedali zikamtetemekea miguuni mpaka miwani ikamshuka puani. Aliposhuka hakusema mengi. "Fundi, kaza ile nati kubwa ya juu ya foku, tukapumzike." Nikakaza. (Foku ni ule uma unaoshika gurudumu la pua.) Siku mbili ndege ikatulia kama maji ya mtungini. Siku ya tatu mtikisiko ukarudi, safari hii na nyongeza: kukata kona ikawa ni lazima akanyage breki kwa nguvu, hata diski ya kushoto ikaanza kunuka. Ulikuwa ugonjwa wa waja leo waondoka leo, kama wanavyotutania watu wa Tanga.

Nati haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwa kukaza kitu ambacho sikuwa nimekipima. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo sasa nayaweka tayari kabla sijafungua chochote.

Kwanza ujue unapambana na nini. Kwenye ndege nyingi za namna hii gurudumu la pua halifungwi na pedali. Linajizungukia lenyewe, na rubani hukata kona kwa kubana breki ya upande mmoja. Ekseli yake iko nyuma kidogo ya mhimili ambao foku huuzunguka, ndiyo maana gurudumu hufuata ndege inakokwenda. Tazama toroli la mizigo: ukilisukuma polepole kigurudumu cha mbele kinafuata kwa adabu, ukiongeza mwendo kinaanza kucheza ngoma. Kikisogezwa kulia, tairi hukirudisha kati, lakini kinapitiliza hadi kushoto, kisha kinarudi tena. Nguvu ya kuendeleza mchezo huo inatoka kwenye mwendo wenyewe wa ndege, na kama hakuna msuguano wa kutosha wa kuila, kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Mafundi huita hali hiyo shimi.

Lakini si kila mtikisiko ni shimi. Kama ndege inatetemeka ikiwa imesimama na injini imewaka, achana na gurudumu, nenda kwenye propela na vikalio vya injini. Kama inatetemeka kwa mwendo wa kutembea tu, na ndege ina miguu mikuu ya chuma chembamba kama ile ya RV, ndege za kuunda nyumbani za kampuni ya Van's Aircraft, chunguza miguu hiyo kwanza. Waundaji wengi huifunga vipande vya mbao kwa fibaglasi ili isichezecheze. Na kama mdundo unapanda na kushuka badala ya kwenda kulia na kushoto, hapo tairi halina mviringo sawa au limepoteza mizani.

Kutofautisha mambo haya hakuhitaji mashine. Mwaga ndoo ya maji kwenye eneo la maegesho penye lami kavu, pitisha ndege juu yake kwa mwendo ule unaoleta mtikisiko, halafu nenda ukaangalie alama ya tairi la mbele. Ikiwa imepinda kama nyoka, una shimi. Ikiwa imenyooka lakini inafifia na kukolea, tairi linaruka. Ukiweza, funga simu chini ya bawa na upige video, ila tumia ile ya mwendo wa polepole. Video ya kawaida hunasa picha 30 kwa sekunde, na gurudumu dogo linalozunguka mara 20 na kitu kwa sekunde litakudanganya, utaliona kama limesimama au linarudi nyuma.

Karatasi nazo ziwe tayari kabla ya spana. Kitabu cha mtengenezaji wa ndege yako, siyo cha ndege ya rafiki yako, kiwe mezani kimefunguliwa kwenye ukurasa wa gurudumu la pua. Daftari la ndege liwe karibu, maana kila utakachobadilisha kitaandikwa na kutiwa saini na mwenye haki ya kutia saini. Ndege ikishabeba herufi za 5H, za usajili wa Tanzania, ubavuni, mabadiliko ya kifaa kama foku au aina ya tairi ni jambo la kuulizwa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla, si baada. Walio zamu uwanjani nao waambiwe mapema kwamba unataka kukimbiza ndege bila kuruka. Usiwashtukize.

Vifaa si vingi, ila vingine havipatikani kwa kupanda daladala kwenda madukani Ngamiani. Pini za kufungia nati ziwe mpya, maana iliyokwisha kunyooshwa haitumiki tena. Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), grisi iliyotajwa kitabuni, kipima upepo wa tairi kinachosoma vizuri kwenye namba ndogo (vile vya malori havikufai), na beringi ya akiba yenye namba ileile. Beringi inayofanana kwa macho dukani kwa spea za magari inaweza kukutamanisha. Iache hapo hapo, kama huwezi kujua imetoka wapi.

Halafu mizani ya ndoano, ile ya springi wanayopimia samaki. Yangu niliiazima sokoni Deep Sea kwa mama mmoja muuza samaki. Akaniuliza, "Huko uwanjani kuna samaki gani, mwanangu?" Nikamwambia naenda kupima gurudumu. Akacheka, akanipa, akasisitiza irudi kabla ya kesho alfajiri. Mizani ya namna hiyo usiiamini kwa uso wake. Pima ndoo tupu, andika, kisha itie lita 10 za maji upime tena. Tofauti iwe kilo 10. Yangu ilisoma kilo 10 na nusu, basi nikawa najua kiasi cha kupunguza.

Kuinua pua ndipo watu huumia, kwa hiyo hapa nenda taratibu. Zima swichi zote za kuwashia injini, toa ufunguo uuweke mfukoni mwako wewe unayeinama karibu na propela, wala si mfukoni mwa mwenye ndege. Magurudumu makuu yatiwe kabari mbele na nyuma. Ndege nyepesi haihitaji jeki ya pua: unaning'iniza uzito kwenye pete ya mkiani mpaka pua inyanyuke, kisha unaweka stendi chini ya sehemu iliyoonyeshwa kitabuni, uzito wenyewe ukiendelea kubaki pale pale. Sisi hutumia mifuko ya mchanga na kamba ya katani, na Tanga hatuwezi kulalamika kwamba katani haipo. Fanya kazi ndani ya banda. Kama huna banda, fanya saa 1 asubuhi kabla upepo haujaamka, kwa sababu kusi likishika kasi mchana, ndege iliyoinuliwa pua ni tiara.

Sasa mpangilio. Anza na cha bei rahisi: upepo wa tairi. Pima likiwa baridi, kabla ndege haijatembea wala kupigwa na jua. Upepo ukiwa mdogo tairi linalegea mbavu, ukizidi linadunda. Kisha lizungushe kwa mkono huku umeshikilia kipande cha chaki karibu na mpira, bila kugusa. Pale chaki inapogusa ndipo palipovimba. Ndege iliyokaa miezi bila kutembea, uzito wote mahali pamoja, hupata bapa ambalo halionekani kwa macho.

Usawa wa uzito wa tairi ndio ulioniumbua mimi. Tairi dogo la inchi 11 kwa mwendo wa noti 40, yaani kama kilomita 74 kwa saa, linazunguka mara 23 kwa sekunde. Gramu 20 zilizozidi upande mmoja, sentimita 12 kutoka katikati, kwa kasi hiyo huvuta kwa nguvu ya kilo 5 hivi, na hufanya hivyo mara 23 kila sekunde, huku zikibadilisha upande. Tulipolitoa gurudumu la mzee na kuliegemeza ekseli yake juu ya vyuma viwili vilivyonyooka, lilijizungusha lenyewe na kusimama palepale kila mara. Tukafungua. Kwenye tyubu kulikuwa na kiraka kinene, kipana kama kiganja cha mtoto. Fundi pancha mmoja alikibandika miezi iliyopita, na kwa tairi la baiskeli kingekuwa kazi nzuri kabisa. Mzee alikuwa amesahau. Mimi sikuwa nimeuliza. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mwenye ndege ni: tairi hili limewahi kuzibwa?

Tukaweka tyubu mpya, tukapanga nukta nyekundu ya tairi ikae penye valvu, kwa kuwa nukta hiyo huonyesha upande mwepesi na valvu ni nzito. Uzito mdogo uliobaki tuliusawazisha kwa vibandiko vya risasi kwenye rimu. Kabla ya kupima hivyo, beringi ziwe safi na zizunguke bila kukwama. Grisi nzito hushikilia gurudumu, nawe ukadhani limesawazika.

Kwenye beringi zenyewe, shika tairi juu na chini ulisukume na kulivuta. Likigonga, kuna mchezo. Likizunguka kwa kusuasua, limekazwa mno. Hewa yetu ya chumvi haina huruma, na beringi niliyoifungua siku ile ilikuwa na grisi ya rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Osha, kausha, kagua kila rola kwenye mwanga wa jua, ndipo upake upya.

Baada ya hayo yote ndipo unaruhusiwa kuiangalia ile nati kubwa. Chini yake kuna washa zilizobonyea kama visosi, zinazobana foku ili igome kidogo kuzunguka. Mgomo huo ndio unaokula shimi, na una kipimo chake. Kwa RV-7A, kwa mfano, Van's Aircraft hutaja pauni 22, karibu kilo 10. Gurudumu likiwa hewani, funga ndoano ya mizani kwenye ekseli, vuta polepole kwa pembe mraba na foku, na usome namba pale foku inapoanza kuondoka. Ikishaanza kwenda namba hushuka, na ukisoma hiyo utakaza kupita kiasi. Vuta kulia mara tatu, kushoto mara tatu. Ya mzee, baada ya kazi yangu ya kukaza kwa hasira, ilisoma kilo 17. Ndiyo maana breki ilikuwa inaungua.

Tulilegeza tundu moja la pini baada ya jingine, tukipima kila mara, mpaka ikakaa kwenye 10. Kama yako inataka kukazwa sana ndipo ifike, washa zimelala au hazina grisi, na kukaza zaidi ni kuzimaliza tu. Na ndege mpya hulegea yenyewe katika saa za mwanzo, vifaa vinapozoeana, kwa hiyo upimaji huu haufanywi mara moja ukasahauliwa.

Ndege ambazo gurudumu la pua linaongozwa na pedali zina mambo mengine: mkasi unaounganisha sehemu ya juu na ya chini ya mguu, bushi zake, na dampa yenye mafuta, yaani kifaa cha kumeza mtikisiko. Shika foku uizungushe kushoto na kulia huku mwenzako ameshikilia pedali. Ukisikia inatembea kidogo kabla pedali hazijahisi, bushi zimekwisha. Dampa inayovuja ijazwe au ibadilishwe kama kitabu kinavyosema. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndipo uende kwenye kingine. Nilimwambia mzee hivyo akanung'unika kwamba tutamaliza Idi mbili. Tulimaliza asubuhi tatu.

Kabla ya majaribio, zungumza na rubani, hata kama ni mkubwa kwako kwa umri, na uanze na shikamoo. Fimbo ya kuongozea ndege iwe imevutwa nyuma tangu ndege inapoanza kutembea, pua ibebe uzito mdogo iwezekanavyo. Atue kwa magurudumu makuu na aiache pua ishuke yenyewe ikiwa imechoka. Mtikisiko ukianza, avute fimbo nyuma na apunguze moto. Asikanyage breki kwa nguvu, maana breki huinamisha ndege na kuongeza uzito juu ya gurudumu hilo hilo linalolalamika. Mzee alikiri kwamba alikuwa anaachia fimbo mara tu baada ya kugusa lami, ili atafute swichi ya flapu.

Majaribio yaanze kwa noti 15, kisha 25, kisha 35, kila mara ndege isimame ukague kama kuna boliti iliyosogea. Piga mstari wa rangi unaovuka nati na washa yake, ili ikigeuka hata kidogo uone. Baada ya kutua mara tano fungua kofia ya gurudumu uangalie tena, na upime mgomo wa foku kwa mizani ileile.

Mizani niliyoazima niliirudisha Deep Sea jioni ileile, nikaiosha grisi kwanza kwa sabuni, maana kesho yake ilikuwa na changu wa kupima.