Venye utachagua mahali pa kutembea ndio usirudi Nairobi umenuna

Kila ikikaribia Pasaka ama Disemba kuna picha huzunguka kwa magrupu ya WhatsApp, Ziwa Nakuru limejaa flamingo mpaka ukingo wote ni pinki, watu wanachanga doo, matatu inakodishwa, na wakifika wanapata maji mengi, miti iliyokauka imesimama ndani ya maji, na vindege vichache huko mbali hata simu haivishiki. Wanarudi wakisema wameuziwa mbuzi kwa gunia. Lakini ile picha si feki, ni ya kitambo tu. Maji ya lile ziwa yalianza kupanda miaka ya 2010 hivi, hadi geti kuu la zamani likamezwa, chumvi ikapungua makali, vile vijani vidogo vya majini ambavyo flamingo hula vikapungua, basi ndege wakahama. Leo wako Bogoria, kesho Elmenteita, na wakitaka kutaga wanashuka mpaka Ziwa Natron huko Tanzania.

Kwa hivyo kitu ya kwanza, mtu akikutumia picha usiulize ni wapi, uliza ilipigwa lini. Fungua Google Maps, ingia kwa rivyu, panga zile mpya zianze, halafu angalia picha za wageni wa kawaida, achana na zile za mwenye biashara. Mimi husoma sana waliopatia nyota tatu, juu wa nyota tano wengine unashuku ni binamu za mwenye hoteli na wa nyota moja unapata alikasirika tu kwa sababu kulinyesha. Na Nakuru bado ni pazuri by the way, enda ukijua unaenda kuona vifaru na twiga, utafurahi.

Hiyo inaniletea ya pili, jua kabisa ni nini unataka kuona, halafu uhakikishe iko. Kuna watu hulipa kuingia Nairobi National Park na watoto wameahidiwa tembo wiki nzima. Hakuna tembo pale. Simba wako, vifaru wako, nyati wako, lakini ile mbuga ya kilomita mraba 117 haina tembo wa kuzurura, wale watoto wa tembo mnaona kwa TV wako kwa kituo chao cha yatima, na kile huwa na saa yake ya wageni asubuhi na lazima ubuki mapema. Swali moja tu kwa simu lingeokoa machozi ya mtoto.

Sasa msimu na saa, hapa ndio watu wengi huangukia. Nyumbu huwa Maasai Mara kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, ukienda Aprili utapata ofa tamu, nyasi ndefu, matope na simba wako kama kawaida, lakini ile misururu ya nyumbu hakuna. Hata ukienda Agosti, kuvuka mto hakuna ratiba, wanyama wanaweza kusimama pale ukingoni masaa wakiangaliana halafu wageuke warudi, na wewe umekaa kwa gari katikati ya magari mengine mengi yamezima injini. Kama una siku moja tu, usiweke moyo wako wote kwa hiyo kitu.

Amboseli nayo ni mambo ya saa. Kila mtu anataka ile picha ya tembo na Kilimanjaro nyuma. Mlima huonekana vizuri alfajiri, jua likipanda mawingu yanakuja yanaufunika, wakati mwingine unafunguka tena jioni kidogo. Sasa piga hesabu: kutoka Nairobi ni kama masaa manne, ukiondoka saa kumi na moja asubuhi unafika saa tatu hivi, upange foleni ya geti, uingie, na mlima wa mita 5,895 umepotea kabisa kama haukuwahi kuwa. Ndio maana ile trip ya kwenda na kurudi siku moja huwa bei rahisi na watu hurudi wakilalamika. Lala huko, hata kama ni nje ya geti, uamke mapema. Mlima Kenya ukiwa Nanyuki ni vile vile, ukiamka saa nne asubuhi umekosa.

Pwani saa yako inapangwa na bahari. Unaona picha ya Diani maji ya samawati yamefika mpaka kwa minazi, unafika saa nne asubuhi unapata bahari imeenda huko kwa miamba, hapa ni mchanga, mwani na watu wanatembea wakitafuta kaa. Hakuna kitu imeharibika, maji yamekupwa tu. Yanajaa mara mbili kwa siku na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, na mwezi ukiwa mpevu ama mwandamo kuna bamvua, hapo yanajaa sana na kupwa sana, katikati ya hizo siku ni maji mafu, hayabadiliki vile. Angalia jedwali kwa simu ama muulize mzee wa boti, "Shikamoo mzee, kesho maji yanajaa saa ngapi?" atakuambia bila hata kuangalia kitu. Ukitaka kuogelea fuata saa za kujaa, ukitaka kutembea miambani na watoto fuata za kupwa.

Gharama nayo, usihesabu tu tiketi. Treni ya SGR ya kawaida kutoka Syokimau ni 1,500 tangu 2024, sawa, lakini inakushusha Miritini, si Mombasa mjini, bado uko na gari ya kukufikisha hoteli, na kama ni Diani ujue kama utapita feri ya Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Kabla ya hiyo uko na gari ya kukutoa Kasarani hadi Syokimau alfajiri. Jumlisha zote ndio uamue, juu mtu akifika mahali ameshapasuka mfuko hata pawe paradiso ataona kasoro tu.

Ya mwisho kwa kuchagua ni kuuliza nini haiko kwa picha. Fourteen Falls kule Thika video zake ni tamu, lakini video haina harufu. Ule ni mto Athi, na Nairobi River inaingia huko juu na uchafu wetu wote, yaani unasafiri kwenda kuona maji ambayo yalitoka kwetu yakatangulia. Kukiwa kukavu sana povu na harufu ndio vinakupokea. Thomson's Falls pale Nyahururu ni bora kwa macho, mita 74, lakini nayo Februari bila mvua inaweza kuwa uzi.

Na Nanyuki pale kwa mstari wa ikweta kuna jamaa na beseni lenye kitobo, jagi la maji na njiti ya kiberiti. Anakupeleka hatua kadhaa kaskazini, njiti inazunguka upande mmoja, mnarudi kusini inazunguka ule mwingine, kwa mstari inatulia tuli, kila mtu anapiga makofi. Manze huo ni ujanja wa mkono. Mzunguko wa dunia upo kweli lakini kwa kabeseni nguvu yake ni kidogo mno, kinachoamua ni venye anamimina maji na venye anageuka nalo. Mpe kitu kidogo, ni msanii mzuri, tafadhali tu usiende kubishana na mwalimu wa fizikia.

Wenye pasipoti, ni mambo yale yale na bei ya juu. Ule mchoro wa Mona Lisa huko Paris ni sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, na mbele yako kuna ukuta wa simu zimeinuliwa. Ile sanamu ya nguva ya Copenhagen ina mita 1.25 tu. Piramidi za Giza ziko ukingoni mwa mji kabisa, si katikati ya jangwa. Dubai ikiwa na ofa ya Agosti jua ni kwa nini, nje ni zaidi ya digrii 40.

Kabla hujatuma deposit, tuma meseji kama hii: "Habari dada, naomba video ya leo, uanze kwa geti uingie mpaka kwa chumba, na ufungue bomba la maji ya moto." Asiyeweza hiyo, achana naye. Akikubali, lipa kwa till ama paybill ya M-Pesa yenye jina la biashara, usilipe namba ya mtu.

Na kama ni upande wa Naivasha ama Nakuru, Jumapili toka huko kabla ya saa nane mchana, ama usiku jamu itakushika njiani na watoto wamelala juu yako.