Kabla Mayai Hayajavuka Mpaka

Wengi wanaoamua kutafuta mtoto kwa mayai ya uzazi ya mchangiaji, yaani mwanamke mwingine, wa nchi nyingine huanzia kwenye wasifu wake: kimo, rangi ya macho, elimu. Mimi ningewasihi waanzie kwenye sheria ya nchi ambako mayai yatapokelewa. Ujerumani haijaruhusu tiba hii tangu sheria yake ya mwaka 1990 ya kulinda viinitete (mayai yaliyokwisha kutungwa na kuanza kukua). Uingereza inairuhusu, lakini mtoto akitimiza miaka 18 ana haki ya kujua mchangiaji ni nani, na mayai yanayotoka nje yanabanwa na sharti hilohilo. Hispania wachangiaji hawatajwi. Kwa hiyo yai lililotolewa kwa siri Madrid haliwezi tu kupakiwa likapelekwa London. Kliniki yako ikuthibitishie kwa maandishi kwamba inaweza kuyapokea, kabla hujalipa chochote.

Mayai husafiri yakiwa yamegandishwa, na maabara itakayoyayeyusha ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Yai ni seli kubwa iliyojaa maji, na hugandishwa kwa kasi mno ili maji hayo yasigeuke chembe za barafu zenye kuipasua. Kulirudisha kwenye joto ni kazi ya dakika chache, na kila njia ya kugandisha ina vimiminika vyake na hatua zake. Maabara hodari kwa mayai iliyoyagandisha yenyewe inaweza kuharibu ya wenzake. Uliza bila haya: mmeshayeyusha mayai ya benki hii ya mayai tunayonunua kwayo? Mangapi yalipona? Mangapi yalifika hatua ya kiinitete? Ukijibiwa "tuna uzoefu", omba takwimu.

Hesabu nayo ifanywe mapema. Mayai mara nyingi huuzwa kwa fungu la 6 au 8. Yapo yatakayokufa wakati wa kuyeyushwa, yapo yatakayokataa kutungwa hata mbegu ikidungwa moja kwa moja ndani ya yai (ndivyo inavyofanywa, kwa kuwa ganda la yai lililogandishwa huwa gumu), na vipo viinitete vitakavyosimama njiani. Ukiahidiwa dhamana, soma inadhamini nini: mayai yaliyopona, kiinitete, au mtoto? Soma pia kipengele cha mbegu za kiume, maana zikiwa dhaifu dhamana yaweza kufutwa.

Wakati mwingine ni heri kusafirisha mbegu za kiume kwenda kwenye mayai, kisha viinitete ndivyo virudi. Kiinitete huvumilia kugandishwa kuliko yai.

Mtungi wa safari huwa umefyonza naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na kwa kawaida hushika baridi hiyo kwa siku kadhaa. Usikubali usafirishwe bila kifaa cha kurekodi joto. Hati za forodha zieleze wazi kwamba usifunguliwe wala usipitishwe kwenye eksirei, na usiondoke sikukuu ndefu ikikaribia. Mkataba useme hasara ya njiani ni ya nani.

Vipimo vya mchangiaji (VVU, homa ya ini B na C, kaswende) viwe vile ambavyo nchi inayopokea inavitambua. Vya vinasaba vilinganishwe na vya mwenye mbegu. Wote wawili wakibeba kinasaba cha selimundu, kila mimba ina uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuzaliwa na ugonjwa.

Kisha kuna mwili wa mama. Mimba ya yai la kuchangiwa ina hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba. Wapo wanaomficha daktari wa kliniki ya wajawazito kwa kuona aibu. Tafadhali mwambieni tangu hudhurio la kwanza, faraghani, ili presha ifuatiliwe kwa karibu.

Namba ya mchangiaji, majibu ya vipimo na jina la benki ya mayai viwekeni mahali pawili tofauti. Kliniki hufungwa na benki huuzwa, na mtoto atakapouliza, huenda karatasi zenu ndizo pekee zitakazokuwa zimebaki.